Ukurasa wa Nne Hauna Wino Mwekundu

Harrow, 14 Januari 2024

Shangazi yangu Ummukulthum,

Shikamoo. Nakuombea barua hii ikukute goti limetulia na usingizi unakuja wenyewe. Sisi huku tunapumua. Baridi imeshika, baba anavaa koti mpaka jikoni, na Ziyad akimwambia awashe hita anajibiwa kwamba hita inamkausha koo. Mdogo wangu huyo Kiswahili anakisikia chote ila kukijibu hataki. Anakusalimu kwa Kiingereza, nami nakufikishia: anasema anakupenda na anataka visheti. Habari isiyopendeza ni moyo wa baba. Daktari anasema kuna mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa, na huenda mwaka huu wakampasua. Macho nayo yameingia ukungu, hasomi tena bila kusaidiwa.

Sasa lililonikalisha kuandika. Nimetunga hadithi fupi. Tuna kikundi chetu cha wasomaji wa Kiswahili, tunakutana kila mwezi kwenye ukumbi wa maktaba, na mkubwa wetu ni mwalimu mmoja wa Kikenya anaitwa Elkana. Mwezi wa Oktoba tutachapisha kitabu cha hadithi zetu, na yangu ameipenda. Ina kurasa saba, inaitwa "Aliyeitwa". Mtu anaishi ughaibuni, mama yake anamwandikia: Njoo mwanangu, nakufa. Yeye anaisoma barua, anaiweka mezani, anaweka kikombe cha chai juu yake, na haendi. Mama anakufa akiangalia mlango.

Majina nimeyabadilisha, lakini wewe huwezi kupotea humo. Tangu nina miaka kumi na miwili nasikia kwenye harusi za Wapemba wa hapa London, baba akipita wanawake wananong'ona: yule hana radhi ya mama yake. Nimekua na neno hilo. Nimemkasirikia baba kwa neno hilo, na sijawahi kumuuliza. Basi nimeandika.

Wewe ndiye uliyenifundisha kushika kalamu kabla hatujaondoka Pemba. Isahihishe kama insha za skuli, wino mwekundu, bila huruma. Baba hajui kama kuna hadithi. Naomba abaki hivyo hivyo.

Mwanao,
Haifa


Chake Chake, 20 Februari 2024

Haifa mwanangu,

Marahaba. Goti limetulia kwa kuwa limezoea, si kwa kuwa limepona. Huku jua kali, visima vimeshuka, na jirani yangu Faridah kamwoza binti yake wa mwisho, tukala biriani siku tatu mpaka tukaogopana. Bahasha yako kaileta mwanawe Mansour, aliyekuja harusini kutoka huko kwenu, na hii anarudi nayo. Visheti vya Ziyad vimo kwenye mkebe. Mwambie avile kwa Kiswahili.

Pole kwa ugonjwa wa baba yako. Mimi naye hatujasemezana mwaka wa ishirini na nane huu, kwa hiyo salamu zangu usizipeleke, hazitapokewa.

Hadithi nimeisoma mara tatu. Una mkono, sikatai. Lakini sentensi zako umezikatakata kama muhogo wa futari. Unaandika kama zile barua za ofisini kwako, za kuwaambia watu nyumba za serikali hawakupata: habari kwanza, mtu baadaye. Mswahili havamii mtu na habari. Anabisha hodi, anaulizwa hali, anatandikiwa mkeka, ndipo anasema alilotumwa. Nimekuongezea hodi mahali kumi na moja.

Halafu umeanza na jeneza. Ukianza hadithi na jeneza, atakayeingia baada yake hata akipiga chafya ataonekana hana adabu. Geuza mpango. Anza na kijana akiondoka kwao, tumjue, tumpende kidogo, kisha ndipo afanye atakalofanya. Mambo ni yale yale, lakini ukiyapanga upya unampata mtu mwengine kabisa.

Na kikombe nimekifuta kwa mistari miwili. Msomaji akiona kikombe cha chai juu ya barua ya mama anayekufa, kesi imekwisha na hakimu kashaondoka. Hukumwita mtu yule katili popote, una akili, umekiachia kikombe kiseme. Ulikiona wewe, au umekitunga?

Ushauri wangu wa mwisho ni huu: iweke kabatini. Kuna hadithi za kutoa na kuna za kukaa nazo. Andika nyengine.

Shangazi yako,
Ummukulthum


Harrow, 17 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Mwaka huu saumu nyepesi, na kazini hawajui kama nafunga mpaka waone nimenuna. Baba amekatazwa kufunga na daktari, anakula kwa kujificha kama mwizi wa sukari. Visheti vimekwisha siku ile ile. Ziyad alisema "Thank you, Auntie," nikamlazimisha arudie kwa Kiswahili, akarudia huku anaona haya.

Umeniuliza kikombe. Nilikiona. Nilikuwa nimekaa mezani nafanya hesabu za skuli, baba kaisoma barua amesimama, akaiweka, akaweka kikombe juu. Hilo sikulitunga. Lakini swali lako limenikosesha raha wiki nzima, maana nimekumbuka na jengine: dirisha la jikoni lilikuwa wazi, upepo unaingia. Labda alikiweka ili barua isiruke. Kikombe nimekiandika, dirisha sikuliandika. Sikusema uongo hata neno moja, na huenda nimemsingizia mtu. Ofisini nafanya hivyo kila siku. Kila sentensi ya barua zetu ni ya kweli, na mtu akimaliza kuisoma anadhani kosa ni lake.

Basi dirisha nimelirudisha. Na jeneza nimelipeleka mwisho, umeshinda.

Lakini shangazi, kuna jambo halinitoki. Wino wako mwekundu umetapakaa hadithi nzima. Umesahihisha mpaka nambari za kurasa. Ukurasa wa sita umeniandikia "upuuzi!" pembeni mara mbili. Ukurasa wa nne peke yake hauna hata nukta. Ukurasa wa nne ndio barua ya mama kwa mwanawe. Nimeitunga mimi, na nimeiandika bila bismillahi, bila salamu, bila hodi, makosa yale yale uliyonigombezea kwengine kote. Hapo umepita kama hukuona kitu.

Bibi alikuwa akisoma Kurani yake, lakini herufi hizi zetu hakuzijua. Wewe ndiye uliyekuwa ukimwandikia, na barua zikija ndiye uliyekuwa ukimsomea. Yupo mtu mmoja tu duniani anayeweza kuniambia barua ile ilisema nini, na mtu huyo alipofika hapo kaweka kalamu chini.

Ilisema nini, shangazi?

Haifa


Chake Chake, 29 Aprili 2024

Mwanangu Haifa,

Marahaba. Sikukuu imepita salama. Mvua za masika zimetuingilia mpaka ndani, paa la jiko linavuja, fundi kaahidi kuja, na wajua tena ahadi za fundi. Barua yako imelala posta wiki tano.

Ukurasa wa nne nilikuwa nimechoka, macho yameuma, nikaupindua. Usitafute kitu pasipo na kitu. Barua ya mama ilikuwa barua ya kawaida, ya adabu, kama zote tulizokuwa tukiandika zama zile. Salamu, hali, dua. Mtu mwenye moyo angeelewa.

Dirisha zuri, liache. Lakini hadithi usiitoe. Sijawahi kukuomba kitu tangu uzaliwe. Hiki nakuomba.

Shangazi yako,
Ummukulthum


Harrow, 2 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima isipokuwa aliye mgonjwa, na huyo ndiye nitakayekueleza.

Tuna jirani hapa, Bi Vasanti, mama wa Kihindi aliyezaliwa Unguja. Kiswahili chake cha mjini hakijachujuka miaka sitini. Kila Jumamosi akitoka hekaluni Neasden anapita kwetu kunywa chai na kumsomea baba habari. Jumamosi iliyopita nilikuwa nimetoka kwenda sokoni, na hadithi niliiacha mezani, ile nakala yenye wino wako. Baba macho mabovu, lakini mwandiko wako kautambua. Akamwomba Bi Vasanti amsomee. Walipofika ukurasa wa nne akamsimamisha.

Niliporudi niliwakuta wamekaa, chai imefanya utando. Bi Vasanti akaniambia, "Mie nimesoma tu, mwanangu. Sikujua kama ni ya nyumba hii." Nilidhani baba atanifukuza. Wala hakunyanyua sauti. Akasema, "Barua haikuwa hivi. Ingekuwa hivi ningekwenda kwa miguu." Akaingia chumbani, tukasikia sanduku linafunguliwa, akatoka na bahasha.

Nainakili kama ilivyo:

"Kwa kaka yangu mpenzi Ameir. Baada ya salamu nyingi zisizo na idadi, sisi huku sote tu wazima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali. Mvua mwaka huu zilikuwa nzuri na karafuu zimezaa. Mama anakusalimu sana. Ana homa homa kidogo, wajua tena utu uzima, lakini anakula na anazungumza. Anasema akikuona atafurahi, ila usijikalifishe. Tunakuombeeni dua. Ni mimi dada yako Ummukulthum. 6 Septemba 1996."

Bibi alifariki tarehe mosi Novemba.

Baba anasema faili lake lilikuwa bado Croydon kwa wakubwa wa uhamiaji, na akitoka nchini wasingemruhusu kurudi. Kwa homa homa kidogo hakuona sababu ya kutuacha mimi na mama na Ziyad mchanga. Akajibu kwamba atakuja mwakani. Wiki sita baadaye akapigiwa simu: mama kafa, na radhi hakukuachia. Mpaka leo hajui alikosa nini. Anaamini kila neno la barua hii lilitoka kinywani mwa bibi, kwa sababu wewe ulikuwa mkono wake tu. Anadhani mama yake alimwambia asijikalifishe, kisha akamnyima radhi kwa kutojikalifisha.

Mimi nimewahi kuandika barua kwa niaba ya mwengine, shangazi. Naishi kwa kazi hiyo. Bibi alikwambia uandike nini?

Haifa


Chake Chake, 10 Julai 2024

Haifa mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi huku sote wazima. Idi tumesali uwanjani, watu wengi, mbuzi wa mwaka huu alikuwa mnono. Fundi hatimaye kaja, jiko halivuji. Paka kazaa watatu, mmoja mweupe mtupu, Faridah anamtaka. Anakusalimu sana. Karafuu zinaonekana zitakuwa nzuri inshallah. Goti afadhali. Mansour akija huku tena nitampa pilipili na achari ya maembe akuletee.

Msalimie Ziyad.

Shangazi yako,
Ummukulthum


Harrow, 4 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimeipata barua yako ya paka. Hongera kwa mweupe.

Umenijibu vile vile ulivyomwandikia baba. Sote wazima, mvua nzuri, karafuu zimezaa. Nimeisoma mara nne nikitafuta kama kuna mtu ndani yake. Nina hasira, nakwambia wazi.

Operesheni imepangwa Jumatano, tarehe mbili Oktoba. Daktari bingwa, kijana mpole anaitwa Kailash, alitukalisha akatueleza pole pole kwamba kwa umri wa miaka sabini na minne wengine huamka na wengine hawaamki. Nilimfasiria baba kila neno. Tukiwa kwenye treni tunarudi nyumbani akaniambia, "Haifa, kisu sikiogopi. Naogopa kumkuta mama."

Hayo ndiyo yaliyobaki baina ya baba na tarehe mbili. Hataki dawa, hataki kisomo, hataki Ziyad amfanyie mzaha. Anataka kujua mama yake alimkasirikia nini.

Simu zangu hupokei. Elkana anataka hadithi mwisho wa mwezi wa tisa. Nikiuacha ukurasa wa nne nilivyoutunga, baba atabaki yule mtu aliyeitwa akakataa, na safari hii atakuwa kitabuni. Nikiiweka barua yenyewe, Wapemba wote wa hapa watajua imeandikwa na mkono wa nani. Sikutishi. Sijui nifanye lipi.

Mansour anakuja huko wiki ijayo, nimemwambia asiondoke Chake bila bahasha yako. Niandikie bila salamu. Sitakuona huna adabu.

Haifa


Chake Chake, 25 Agosti 2024

Haifa, msomee baba yako hii kwa sauti. Usipunguze.

Ameir.

Mama alisema hivi: "Mwandikie aje. Mwambie nakufa, na sitaki kufa sijamwona. Aache kila kitu aje." Alisema amenishika mkono, na alirudia mara mbili ili nisisahau. Nikachukua karatasi nikakuandikia ulichokisoma.

Sababu niliyojipa ilikuwa adabu. Aliye mbali hapigwi na habari mbaya kifuani, tulifundishwa hivyo, nami nikawafundisha hivyo watoto wa watu miaka yote niliyosomesha. Nikajiambia tena: faili lake, akitoka harudi, na watoto watabaki na nani. Sababu hizo za kweli, na mbele ya mtu yeyote zinasimama. Lakini si zenyewe.

Yenyewe ni hii. Miezi minne nilikuwa namwosha mama, namgeuza, namlisha kwa kijiko, na kila nikimaliza anauliza: Ameir kaandika? Jina langu alilitaja akitaka maji. Nilipokaa kuandika nilikuona unaingia mlangoni na sanduku lako la Ulaya, nyumba nzima inakuinukia, mama anakaa kitako kwa ajili yako, na mimi narudi jikoni kukukaangia samaki. Nikaona wivu. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, mwalimu, naheshimiwa, na nilimwonea wivu kaka yangu kama mtoto wa chuo cha Kurani. Nikataka mama afe akiwa wangu. Basi nikaandika barua nzuri, isiyo na kosa hata moja, ya mtu ambaye haitwi.

Jibu lako lilifika katikati ya Oktoba. Ulikuwa umetia utani, kama mtu anayemwandikia mama mwenye homa homa kidogo: "Mwambie mama asiwamalize pweza wa Pemba, aniwekee mmoja, mwakani inshallah nakuja kumla." Barua yako hiyo niliisoma kama ilivyo. Ya mama niliilainisha, yako sikuilainisha. Ulimi wa kuigeuza ninao, sikuugeuza. Chumbani walikuwamo wanawake watano wamekuja kumtazama mgonjwa. Mama akaniuliza, "Ulimwandikia kama nilivyokwambia?" Nikasema, "Ndiyo, mama." Akageukia ukutani. Akasema, "Basi, radhi yangu haitaki." Wale watano ndio walioitoa habari hiyo nje ya nyumba, na mimi niliyekuwa na neno la kuirudisha nikanyamaza. Nilipoona umeacha kuniandikia nikashukuru, maana nisingejua nikuandikie nini.

Ningeweza kukwambia kwamba asubuhi ile ya Ijumaa, kabla roho haijatoka, alikutaja akakurudishia radhi yako. Sentensi hiyo ninayo. Nimeitunga miaka na miaka, nimeipiga msasa, ungeisikia ungelia. Haikuwa. Baada ya ukuta ule mama hakukutaja tena kwa jema wala kwa baya.

Nimesahihisha insha za watu maisha yangu yote, na hadithi iliyofanya kazi kuliko zote ni yangu, karatasi moja. Ndani yake mna mtoto aliyeitwa na mama anayekufa akajibu kwa mzaha. Mtu huyo hayupo, Ameir. Nilimtunga mimi, nikampeleka kitandani kwa mama, na mama akamnyima radhi yeye. Wewe hakukujua. Hakupata nafasi ya kukukasirikia wewe.

Haifa alinitumia hadithi yake. Ukurasa wa nne sikuugusa kwa sababu ndio barua niliyotumwa. Mtoto kaikisia huko London karibu neno kwa neno, na mimi niliyeambiwa sikioni sikuiandika. Kalamu ilikuwa mkononi, na mkono ulikataa.

Ichapishe, Haifa. Usinifunike kwa jina la bandia ukadhani unanisitiri.

Ameir, naomba unisamehe. Nimetafuta namna bora ya kulisema hili, sina.

Ummukulthum


Harrow, 22 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mansour kaileta bahasha juzi, na jana mchana nimemsomea baba. Bi Vasanti alikuwepo, alitaka kuondoka, baba akamwambia, "Kaa. Wewe ndiye uliyeanza." Ziyad akasimama mlangoni na koti lake la kazini.

Nilisoma bila kupunguza. Sauti ilinikatika mara moja tu, pale unaporudi jikoni kukaanga samaki, na huko nilikulilia wewe, sikufichi. Nilipofika kwenye pweza baba akanyanyua mkono. Akauliza, "Niliandika pweza?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mama akasomewa pweza." Bi Vasanti akaangalia chini. Kisha baba akaashiria niendelee mpaka mwisho.

Niliposoma jina lako mwishoni, Ziyad akauliza, "So she never knew? Granny never knew?" Baba akamwambia, "Bibi yako hakujua." Ndiyo yote.

Nikajaribu kukutetea. Nikasema shangazi alikuwa peke yake, miezi minne, hakuna aliyemwambia ahsante. Baba akanijibu, "Nimesikia alichosema. Usikipambe." Kweli nilikuwa nimeshaanza kukulainishia.

Hadithi nimeiondoa kwa Elkana. Nimemwambia sina tena hadithi ya mtu aliyeitwa. Ipo nyengine, anayesimulia ni dada mwenye kalamu, na kila nikiandika mstari najiuliza kama namhukumu au namwombea. Hiyo itachukua miaka. Kitabu kitoke bila yangu.

Leo asubuhi baba kaniita nichukue karatasi. Nikamuuliza nianze na salamu gani, akasema hana. Kila nikimaliza sentensi kanitaka nimsomee, na mahali pawili kanifutisha kwa kuwa nimeweka neno lililo zuri kuliko lake. Posta itachelewa, kwa hiyo nimeipiga picha na kumtumia Faridah kwenye simu yake akuletee sasa hivi. Usimwachie akusomee. Soma mwenyewe.

"Ummukulthum.

Nimesikia. Miaka ishirini na minane nilidhani mama alinichoka. Nimelea watoto na dhana hiyo, nimemzika mke wangu na dhana hiyo, na nikipita mbele za watu najua wanasema nini. Ulikuwa na neno moja la kuniondolea, ukalikalia.

Sijakusamehe. Huenda nikakusamehe, sijui, usinihimize. Lakini mimi siye wa kwanza kuombwa. Nenda kaburini kwa mama. Usiende na karatasi, umeshaandika vya kutosha. Mwambie kwa mdomo wako yeye alisema nini, wewe uliandika nini, na mimi nilijibu nini. Mwambie nilikuwa sijui.

Nenda kabla ya tarehe mbili. Nikifika kwake siku ile, nataka nimkute ameshajua."